Chicho cha Ayo na Ufito wa Alumini

Vijana wangu, kabla sijaanza tuondoe uvumi kwanza. Mimi sikufanya kazi ya jeshi. Kambi iko hapa Burat karibu na shamba langu, ni kweli, na ni kweli pia kuna siku nilitamka neno "leza" pale dukani, lakini hizo ni habari mbili tofauti. Sasa Burat nzima inajua kwamba Mama Qabale alikuwa akiunda miale ya kuangusha ndege. Mwezi uliopita jirani alikuja kuniomba nimtoe mtoto wa jicho kwa mashine yangu. Mwingine akaniletea dishi la televisheni. Dishi nilitengeneza, maana lilikuwa limegeuzwa na mbuzi tu. Mwenye jicho nilimpeleka hospitali.

Nyinyi wa chama cha sayansi mliponialika shuleni mlinipa dakika ishirini. Dakika ishirini mimi huzimaliza nikitafuta miwani. Ndiyo maana nimeona afadhali niwaandikie, msome polepole, na mkichoka mfunge mwende mkacheze mpira.

Nilikuwa fundi wa maabara katika idara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja Nairobi. Nimestaafu mwaka jana tu. Kazi yetu ilikuwa hivi. Unachukua ufito wa madini, mfupi kama kalamu ya risasi, unauweka ndani ya chumba cha chuma ambacho hewa yake yote imenyonywa na pampu, halafu unaupiga na leza. Pale leza inapogonga, chembe ya madini inageuka mvuke. Wakati huohuo unapuliza gesi ya heliamu, ule mvuke unapoa ghafla, na atomi zilizotawanyika zinaanza kushikana, mbili, saba, kumi na nne, hamsini. Hivyo ndivyo vishada vya atomi. Vingine vinatoka vimepoteza elektroni moja, kwa hiyo vina chaji ya umeme, na hivyo tunaviita ioni. Tulivitaka hivyo, kwa sababu kitu chenye chaji unaweza kukisukuma kwa umeme.

Na swali letu lilikuwa rahisi, hata kama mashine haikuwa rahisi: ni atomi ngapi zinazopenda kukaa pamoja? Alumini saba, kwa mfano, zinaelewana sana. Ukiongeza ya nane, inakaa kama mgeni anayetafuta viatu vyake mlangoni.

Mtauliza, mnapimaje uzito wa kitu kama hicho? Mizani hakuna. Basi fikirieni siku ya mnada wa mifugo. Panga mbuzi na ngamia kwenye laini moja, wape wote msukumo wa nguvu sawasawa, halafu simama mwisho wa uwanja na saa mkononi. Mwepesi atafika kwanza, mzito atafika baadaye, na wewe kwa kuangalia saa tu utajua uzito wa kila mmoja bila kumwinua yeyote. Uwanja wetu ulikuwa bomba refu kunishinda mimi, na mbio zote zilikwisha kabla hujawaza kupepesa jicho. Kila kundi likifika, linachora kilele kwenye skrini. Kilele kirefu maana yake wengi wamefika pamoja. Hiyo ndiyo spektromita ya masi, na sasa mnajua zaidi ya Burat yote.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee Njuguna, fundi mkuu. Mtu mfupi, koti jeupe, mfuko mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Alikuwa anasikiliza pampu kwa bisibisi: ncha moja kwenye pampu, mpini kwenye sikio, macho amefunga. Ungedhani anapokea simu kutoka ahera. Kisha anafungua macho na kusema beringi ya pili imechoka, na kweli ukifungua, beringi ya pili imechoka.

Wiki yangu ya kwanza alinisimamisha mlangoni akanusa mikono yangu.

"Umekula mandazi," akasema.

"Nimenawa na sabuni, Mzee."

"Mashine haijui umenawa. Inajua mandazi."

Nikaona huyu mzee ana maneno mengi. Siku ya tatu nikagusa ukuta wa ndani wa kile chumba bila glavu, kidole kimoja tu, kidole cha shahada. Alama ile ya mafuta ilitoa mvuke siku mbili nzima, pampu ikihema, hewa haiishi, na Mzee Njuguna kila akipita anauliza kidole kinaendeleaje. Mpaka nastaafu, nikitaka kugusa kitu chochote cha chuma hata sufuria, mkono wa kushoto ulikuwa unatafuta glavu wenyewe.

Alinifundisha kukaza bolti kwa kuvuka, moja huku nyingine ng'ambo, kama gurudumu la lori. Alinifundisha kwamba ufito ukiwa mpya, mzunguko wa kwanza wa leza unapigwa bure, hurekodi chochote, kwa sababu ngozi ya ufito imeguswa na dunia nzima. Na alinifundisha sheria za daftari la maabara. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea usifute, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, kisha andika lililo sahihi pembeni. Na usiandike kitu ni safi. Andika umekifanyia nini.

Hiyo ya mwisho nilidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Sasa niwaambie kuhusu Kirimi. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili, kijana wa kutoka Meru, mrefu, mwembamba, anakula chapati akisoma na anasoma akitembea. Tasnifu yake ilikuwa juu ya vishada vya alumini. Mimi wakati huo nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio ya kazi, barua ya kuniajiri moja kwa moja haijatoka. Wote wawili tulikuwa tunangoja ufito mmoja wa alumini, na mashine ya kukereza ya chuo ilikuwa imevunjika gia.

Nikasema mimi naenda nyumbani Idd, na Isiolo tuna fundi. Mworia alikuwa na karakana nyuma ya soko, anakereza shafti za pampu za visima, mkono wake ni mzuri kabisa. Mzee Njuguna akanipa kipande cha alumini na mkebe mmoja wa pekee, umeoshwa mara tatu, mfuniko unabana, wa kurudishia ufito ukikamilika. Akanikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Mworia aligeuza kile kipande mkononi.

"Madam, hii kitu ni ya kufanya nini?"

"Tunaipiga na leza."

"Halafu?"

"Halafu inaisha pole pole."

"Sasa kama inaisha, mbona unataka nitengeneze vizuri hivi?"

Lakini alikereza, na alikereza vizuri, ufito unang'aa kama kijiko kipya. Nilipotafuta mkebe wangu, nikaukuta kwenye benchi umejaa grisi. Mworia aliona mkebe mzuri hauna kazi, akaupatia kazi.

Nikaenda nyumbani Bulla Pesa na ufito mkononi, nimevaa glavu, watoto wa mtaa wananifuata. Nikauosha kwa spiriti, nikaukausha, nikabaki nimesimama jikoni nao kama mtu aliyeshika nyoka. Karatasi ingeacha nyuzi. Plastiki Mzee Njuguna alikuwa haitaki hata kuisikia.

Ayo, yaani mama yangu, akaniangalia kidogo.

"Weka kwa chicho," akasema. "Hiyo ndogo. Nimeifukiza jana."

Wale wenu wa kutoka Meru na Nairobi niwaeleze. Chicho ni chombo chetu cha maziwa, kimesukwa kwa nyuzi za mizizi kwa mkono mpaka hakivuji. Hakioshwi kwa sabuni. Unachoma vijiti vya mti wa ejersa, unatia makaa ndani, unafunika, unatikisa, moshi unaingia kila tundu. Maziwa ya ngamia yakikaa humo hayaharibiki upesi, na yanakuwa na harufu ambayo mimi nikiisikia naweza kulia hata nikiwa nimeshiba. Tangu nikiwa mtoto, chombo kilichofukizwa ndicho chombo safi. Ukimpa mgeni maziwa katika chombo kisichofukizwa, umemtusi.

Kwa hiyo sikufikiria hata nukta moja. Nikatia ufito ndani ya chicho, nikafunga, nikashukuru Mungu kwa kunipa mama mwenye akili. Ufito ulisafiri mpaka Nairobi ukigongagonga mle ndani. Nilipofika nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu bora: "Ufito umeoshwa kwa spiriti. Umesafirishwa katika chombo safi."

Sikuuosha tena. Kirimi aliponiuliza kuhusu mzunguko wa bure, nikamwambia huu hauhitaji, huu nimeuleta mimi mwenyewe. Alikuwa na haraka, akafurahi.

Baada ya siku mbili alikuja mbio kwenye kabati la vifaa nilipokuwa, mkono umejaa karatasi.

"Madam Qabale, kuja uone. Kuja uone vilele."

Vilele vya alumini vilikuwepo. Alumini moja uzito wake ni ishirini na saba, mbili hamsini na nne, unaendelea hivyo. Hao tuliwategemea. Lakini katikati yao kulikuwa na wageni watano, warefu, wamesimama wima: themanini na nne, mia moja thelathini na mbili, mia moja themanini, mia mbili ishirini na nane, mia mbili sabini na sita. Hakuna hata mmoja unayeweza kumpata kwa alumini peke yake.

Kirimi aliwapatia kila mmoja historia. Themanini na nne, akasema, ni alumini tatu zimebeba haidrojeni tatu. Mia thelathini na mbili ni alumini nne na magnesiamu moja. Mia themanini ni alumini sita zimeshika molekuli ya maji. Wa nne alumini nane na kaboni moja, wa tano alumini kumi na haidrojeni sita. Hesabu zote zilitimia, hata nyinyi pigeni mtaona. Ilikuwa ndoa tano mpya ambazo labda hakuna aliyewahi kuziona. Daktari Auma, mkuu wa maabara, alikuja akaangalia, akainua nyusi, akaita watahini wawili kutoka nje waje Ijumaa ya wiki iliyofuata kumsikiliza. Kirimi akampigia simu mama yake. Mama yake akatangaza kanisani.

Mzee Njuguna peke yake hakushangilia. Aliuliza tu kama mafuta ya pampu yamebadilishwa. Nikamwambia yamebadilishwa. Akaenda zake.

Siku hizi kompyuta inakuambia kilele hiki ni nani na yule ni nani, na inasema kwa uhakika kama dalali wa ng'ombe. Sisi tulikuwa na karatasi, rula na kichwa. Ijumaa moja kabla ya ile Ijumaa ya watahini, Kirimi aliniomba nimpigie chapa jedwali lake la vilele. Mimi nina tabia moja, nikiona safu ya namba lazima nitoe ya juu kwenye ya chini. Nilianza kwa mbuzi wa baba na sijaacha. Nikatoa. Arubaini na nane. Nikatoa tena. Arubaini na nane. Tena arubaini na nane, na ya mwisho arubaini na nane.

Nikasimamisha vidole.

Watu watano wenye baba tofauti, mama tofauti, mmoja ana maji, mwingine ana magnesiamu, halafu wanapishana kimo kilekile kabisa? Hao si watu tofauti. Hao ni ndugu. Nikagawanya arubaini na nane kwa ishirini na saba, ikakataa. Nikagawanya kwa kumi na mbili, ikaingia mara nne bila kubaki kitu. Nikagawanya vilele vyenyewe kwa kumi na mbili: saba, kumi na moja, kumi na tano, kumi na tisa, ishirini na tatu. Yaani alumini hata haikuwemo kwenye hiyo familia.

Kumi na mbili ni kaboni. Mafuta ya pampu nayo yana kaboni, lakini mafuta huja na haidrojeni zake na huacha ngazi za kumi na nne kumi na nne, hilo Mzee Njuguna alikuwa amenikaririsha. Hii ilikuwa kaboni tupu. Na kaboni tupu ni nini, wanangu? Ni masizi. Ni makaa.

Niliinuka nikaenda kwenye kabati langu. Chicho cha Ayo kilikuwa kwenye rafu ya chini, kinangoja nirudi nacho nyumbani. Nikatia kidole ndani. Kikatoka cheusi mpaka kifundo.

Nitawaambia ukweli wa nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Sikwenda kwa Kirimi. Niliona barua yangu ya kazi mbele ya macho, nikaona watu wakisema yule mama wa Isiolo alileta ufito kwenye kibuyu cha maziwa. Nikangoja Jumatatu asubuhi, nikautoa ufito, nikausugua kwa msasa mwembamba, nikauosha kwa spiriti mara tatu, nikaurudisha. Nikajiambia nimerekebisha kosa. Kwenye daftari sikuandika hata herufi moja.

Jumanne Kirimi akawasha mashine ili apate picha nzuri zaidi ya kuonyesha watahini. Wageni watano hawakuwepo.

Akadhani ni leza. Akafungua vioo vyote akavisafisha, akavipanga upya, kazi ya siku nzima. Hawakuja. Jumatano akadhani ni valvu ya heliamu. Akaifungua. Mimi nikimpatia spana, wanangu, mimi huyu, nikimwambia pole. Akaacha kula chapati. Alhamisi asubuhi nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye bomba, kichwa chini.

"Nitaambia Daktari nilikosea," akasema. "Labda niliona vitu havikuwa. Nitarudi Meru nikafundishe. Si vibaya kufundisha."

"Na tasnifu?"

"Tasnifu gani, Madam? Mtu hawezi kurudia kitu alichoona, hiyo si sayansi, hiyo ni ndoto. Mama ndiye sijui nitamwambia nini. Ameambia kanisa yote."

Niliona haya. Kijana mzima anayashuku macho yake mwenyewe kwa sababu mimi naogopa kuchekwa. Nikaenda kwenye kabati, nikachukua chicho, nikapita kumwita Mzee Njuguna, nikarudi nikakiweka juu ya benchi mbele yao wawili. Nikaeleza yote, kuanzia mkebe wa grisi mpaka msasa wa Jumatatu. Sauti ilikuwa inatoka kama ya mtu aliyeamshwa.

Mzee Njuguna alichukua chicho, akafungua, akanusa. Akanusa tena.

"Hii maziwa ilikuwa ya ngamia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Niliwahi kunywa, nikifanya kazi upande wa Ngaremara. Ni tamu sana." Akakiweka chini kwa heshima. "Haya. Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Uchafu wako. Paka kwa ufito, tuone kama watakuja."

Nikatia kidole ndani ya chicho cha mama yangu na kupaka masizi kwenye ufito ambao nilikuwa nimeusugua kwa siri. Tukafunga, tukanyonya hewa, tukangoja saa nyingi. Kirimi hakuniangalia hata mara moja, na sikumlaumu. Leza ilipoanza kugonga, wale wageni watano wakasimama kwenye skrini, warefu, kila mmoja mahali pake. Mzee Njuguna akaacha leza igonge palepale bila kuzungusha ufito, na kidogo kidogo wakafifia mpaka alumini ikabaki peke yake. Akazungusha ufito kidogo, wakarudi. Ngozi tu. Nyama ilikuwa safi.

Kirimi akaanza kucheka. Alicheka vibaya, cheko la mtu aliyeshindwa kulia, halafu likageuka cheko la kweli. Akanigeukia.

"Madam Qabale, umeniua siku tatu."

"Najua. Nisamehe."

"Mama yangu ndiye utaomba msamaha. Utakuja kanisani."

"Nitakuja," nikasema, na mimi ni Mwislamu. Nilikwenda, na walinipa chai nzuri.

Mzee Njuguna akanivutia daftari. Nikafungua ule ukurasa, nikapiga mstari mmoja juu ya maneno "chombo safi" ili yasomeke, nikaandika pembeni: "chicho cha mama yangu, kimefukizwa kwa makaa ya ejersa." Chini yake nikaandika ya Jumatatu, na msasa, na spiriti, na kwamba sikumwambia mtu.

Kesho yake, Ijumaa, Kirimi alisimama mbele ya watahini akawaambia kwamba vishada vyake vitano vipya vilitoka kwenye chombo cha maziwa Isiolo. Mtahini mmoja alivua miwani akafuta machozi ya kucheka. Yule mwingine, mama mmoja mkali, alitaka kuona ule ukurasa wa daftari. Alisoma pole pole, akaurudisha, akamwuliza Kirimi: na utajuaje siku nyingine? Kirimi akamwonyesha zile arubaini na nane nne, na jinsi wageni wa ngozi wanavyofifia leza ikigonga mahali pamoja. Tasnifu ilibidi aandike nusu yake upya. Akapita.

Na masizi ya Ayo hatukuyatupa. Atomi ya kaboni ndiyo ambayo dunia imekubaliana kuwa kumi na mbili kamili, hakuna nukta baada yake. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mashine yako inapima sawa, piga kaboni kidogo uone kama kilele kinasimama panapotakiwa. Kwa miaka mingi iliyofuata, kila Idd nilirudi Nairobi na makaa kidogo ya ejersa kwenye chupa ya kioo, yenye lebo, iliyoandikwa yamefanyiwa nini. Tulikuwa na makaa ya kununua pia. Mzee Njuguna alikuwa anasema hayana harufu.

Ayo nilimweleza habari yote siku moja tukichemsha chai. Alisikiliza mpaka mwisho, amekunja uso.

"Walisema chicho yangu ni chafu?"

"Hawakusema hivyo, Ayo."

"Waambie mimi sijawahi kumpa mtu chombo chafu. Hiyo alumini yao ndiyo haijui kukaa na watu." Alikufa bado anaamini hivyo, na mimi sikumpinga.

Barua yangu ya kazi ilitoka baada ya wiki mbili. Nimeajiriwa. Daktari Auma alinikabidhi bila kueleza kwa nini, na kwa miaka yote hiyo nilijua sababu: makaa. Nilileta kosa likageuka kipimo, nikapata kazi. Nilikuwa nikijisifu hivyo mbele ya wanafunzi wapya, kila mwaka, na Mzee Njuguna alikuwa anasikia na kunyamaza. Alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu, na hakuwahi kunisahihisha.

Basi mwaka jana nikastaafu mimi. Walinifanyia chai na keki. Kirimi sasa ndiye mkuu wa maabara, ana kitambi na anakula chapati ameketi kama watu. Kwa ajili ya hotuba yake alikuwa amekwenda kuomba faili langu, na ndani akakuta fomu ya zamani, ile ya fundi mkuu kupendekeza mtu aajiriwe au aachwe. Hakuisoma kwa sauti. Aliniletea nisome mwenyewe.

Mwandiko ulikuwa wa Mzee Njuguna. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi ileile, siku ya chicho, kabla watahini hawajaja, kabla mtu yeyote hajafikiria makaa ni kipimo. Kuwahi kazini: wastani. Ustadi wa mikono: wastani. Utunzaji wa vifaa: wastani, anajifunza. Usafi: hapo aliandika neno, akalipiga mstari mmoja ili lisomeke, na lilisomeka, "mbaya," kisha pembeni akaandika, "bado."

Chini kabisa kulikuwa na nafasi kubwa ya kueleza kwa nini mtu huyu aajiriwe. Mistari saba, mnaweza kujaza hadithi nzima. Mzee yule mwenye maneno mengi alitumia maneno mawili.

"Alisema mwenyewe."

Nililia pale mbele ya watu wote, na keki mkononi, bila glavu.